Daftari bila mwenye mfuko: kisa cha sheria ya Marekani ya 2016 kuhusu uwazi na uwajibikaji wa misaada ya nje

Ukifungua kwa Excel faili la Tanzania kutoka tovuti ya ForeignAssistance.gov, unakutana na maelfu ya mistari. Kila mstari unataja nchi, mwaka wa fedha, idara iliyotoa fedha, idara inayozisimamia, mtekelezaji, jina la mradi, sekta, aina ya muamala na kiasi kwa dola. Wilaya haimo. Kituo cha afya hakimo, wala shule, wala skimu ya umwagiliaji. Mganga Mkuu wa Wilaya anayetaka kujua ni mradi gani unawalipa makarani wa takwimu katika kliniki zake za huduma na tiba kwa wenye VVU (CTC), na mkataba wao unaisha lini, anaweza kusoma mistari yote na kufunga kompyuta bila jibu.

Sheria inayoilazimisha serikali ya Marekani kuchapisha mistari hiyo ni Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji wa Misaada ya Nje, namba 114-191, iliyosainiwa na Rais Obama tarehe 15 Julai 2016. Ilikuwa hatua kubwa, na hatukubaliani na wanaoiona kama karatasi tupu. Lakini ilipoandikwa iliachwa na pengo moja. Iliamuru taarifa zitolewe, ila haikumweka mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya fedha zinazotajwa ndani ya taarifa hizo. Sehemu kubwa ya yaliyoharibika baadaye inarudi kwenye pengo hilo.

Safari ya mswada

Sheria mama ya misaada ya Marekani ni ya 1961. Rais Kennedy aliisaini mwezi Septemba, na Novemba mwaka huohuo akaunda USAID, wakala wa Marekani wa maendeleo ya kimataifa, kwa amri ya utendaji. Katika miongo iliyofuata Bunge liliongeza masharti juu ya masharti, na kila jambo jipya likajengewa nyumba yake. Mwaka 2003 ukaja mpango wa UKIMWI wa PEPFAR, na 2004 Shirika la Changamoto za Milenia, MCC. Misaada ikawa inapita katika idara na wakala zaidi ya 20: USAID, Wizara ya Mambo ya Nje, Afya kupitia kituo chake cha kudhibiti magonjwa (CDC), Kilimo, Ulinzi, Hazina na nyinginezo. Mwaka 2006 upangaji wa bajeti ya misaada ulihamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje, na kurugenzi ya sera ya USAID, iliyokuwa na kitengo cha tathmini, ikavunjwa. Wakala uliokuwa na wataalamu wengi kuliko wote ukabaki bila watu wa kuuliza kama kazi yake inaleta matokeo.

Maseneta John Kerry na Richard Lugar walijaribu kulirekebisha hilo mwaka 2009. Mswada wao ulitaka kuirudishia USAID uwezo wa sera na tathmini, na kuunda baraza huru la kutathmini misaada yote bila kujali idara. Ulipita kwenye kamati ya mambo ya nje ya Seneti, ukakwama hapo. Sababu inajulikana kwa yeyote aliyefuatilia mageuzi ya aina hii: mswada unaogusa mamlaka ya idara nyingi hupata wapinzani kila idara. Ikulu ikachukua njia ya maagizo badala ya sheria. Septemba 2010 ulitoka mwongozo wa rais kuhusu maendeleo, Desemba mwaka huo dashibodi ya ForeignAssistance.gov ikafunguliwa, na Januari 2011 USAID ikatoa sera mpya ya tathmini.

Tatizo la agizo ni kwamba rais ajaye anaweza kulifuta kwa saini moja. Hapo ndipo Ted Poe, Mrepublikan wa Texas, na Gerry Connolly, Mdemokrat wa Virginia, walipoleta mswada mwembamba zaidi: wachana na nani anamwamuru nani, weka kwenye sheria wajibu wa kupima na kuchapisha tu. Siku za mwisho za Desemba 2012 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 390 bila hata moja ya kupinga. Seneti haikuushughulikia, muhula ukaisha, mswada ukafa. Ukarudishwa, na ukarudishwa tena, safari hii Seneti wakiubeba Marco Rubio na Ben Cardin. Desemba 2015 ukapita Baraza la Wawakilishi, Juni 2016 Seneti ikaupitisha ukiwa na marekebisho, na Julai ukawa sheria.

Wembamba huo ndio uliouokoa mswada, na ndio uliokuja kuugharimu.

Inachosema

Sehemu ya kwanza inahusu ufuatiliaji na tathmini. Rais alipewa miezi 18 kutoa miongozo itakayozibana idara zote zinazotoa misaada inayoguswa na sheria: malengo yanayopimika, mipango ya ufuatiliaji, tathmini zenye mbinu inayolingana na ukubwa wa mradi, na matokeo yatumike kwenye bajeti inayofuata. Sehemu ya pili inahusu taarifa kwa umma. Wizara ya Mambo ya Nje ichapishe na kuhuisha kila robo mwaka taarifa za misaada kwa kila nchi: mikakati, maelezo ya miradi, fedha zilizofungwa kwa mkataba na fedha zilizolipwa.

Mipaka yake isomwe kwa makini. Misaada inayoguswa imeorodheshwa kwa sura za sheria ya 1961, pamoja na fedha za MCC na za mpango wa Chakula kwa Amani. Misaada ya kijeshi iliachwa nje, kwa hiyo anayetafuta picha nzima ya fedha za Marekani katika nchi kama Kenya, ambako ushirikiano wa kiusalama ni mkubwa, hataipata kwa sheria hii. Kuna pia mlango wa faragha: taarifa inayoweza kuhatarisha maslahi ya taifa au usalama wa mtekelezaji na wanufaika inaweza kuzuiwa isichapishwe, ili mradi Bunge lipewe taarifa hiyo. Mlango huo una haki yake, kwani mashirika yanayohudumia makundi yanayosakwa hayawezi kuandikwa majina mtandaoni. Kwenye faili, hata hivyo, utakuta mistari mingi ambako mahali pa jina la mtekelezaji pameandikwa aina yake tu, na msomaji hana njia ya kutofautisha jina lililofichwa kwa usalama na lililoachwa kwa uzembe.

Utekelezaji

Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Ikulu, OMB, ilitoa miongozo tarehe 11 Januari 2018, siku nne kabla ya miezi 18 kutimia. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, ilipoikagua mwaka 2019 ilikuta imebeba kanuni nyingi bora lakini si zote. Miaka miwili kabla, 2017, GAO hiyohiyo ilikuwa imesoma tathmini za idara sita zilizokamilika mwaka wa fedha wa 2015 na kukadiria kuwa asilimia 73 zilitimiza vigezo vyote vya ubora, kikamilifu au kwa sehemu. Maana yake takriban tathmini moja kati ya nne ilikuwa na kasoro kwenye kigezo kimoja au zaidi. Upungufu wa namna hii hukaa mahali palepale siku zote: sampuli isiyoelezwa ilivyopatikana, au hitimisho lisilobebwa na takwimu. Mtathmini hupewa wiki chache uwanjani na huonyeshwa vituo vilivyochaguliwa na mtekelezaji mwenyewe. Sheria inaweza kuamuru tathmini ifanyike. Kuifanya iwe ya kweli kunahitaji muda na fedha zilizotengwa tangu mradi unapoandikwa, na hilo halikuamriwa.

Upande wa tovuti ulikuwa mgumu zaidi. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na tovuti mbili: ForeignAssistance.gov ya Wizara ya Mambo ya Nje, na Foreign Aid Explorer ya USAID iliyotokana na takwimu za miaka mingi zilizokuwa zikikusanywa kwa ajili ya Bunge. Nchi moja, mwaka mmoja, majibu mawili. Tofauti zilikuwa na chanzo. Ya Wizara ilikusanya kwa robo mwaka kutoka idara zilizokuwa tayari kutoa, ya USAID ilikusanya kwa mwaka mzima na kuhakiki. Ya USAID ilikuwa na misaada ya kijeshi kwa upana, ya Wizara haikuwa nayo vilevile. Na fedha za PEPFAR zinazotengwa kwa Wizara ya Mambo ya Nje kisha kuhamishiwa Wizara ya Afya ya Marekani kwa ajili ya CDC zilikuwa mtego, kwani anayejumlisha kwa idara inayotoa hupata jibu moja, anayejumlisha kwa idara inayosimamia hupata jingine, na anayechanganya safu hizo mbili huhesabu dola ileile mara mbili. Tovuti hizo mbili zilikuja kuunganishwa mwaka 2021, miaka mitano baada ya sheria. Miaka mitano ya kubishana kati ya ofisi mbili za serikali moja, kuhusu namba zilezile, kwa sababu sheria haikusema nani ana neno la mwisho.

Mstari mmoja kwa karibu

Tuchukue mstari wa mradi wa afya uliotekelezwa Tanzania na USAID. Namba ya mkataba ina maana kila kipande. Kwa mfumo uliotumika miaka ya karibuni inaanza na 72, namba ya wakala. Zinafuata tarakimu nne za ofisi ya nchi, 0621 kwa Tanzania, 0615 kwa Kenya, 0617 kwa Uganda. Kisha tarakimu mbili za mwaka wa fedha, kisha herufi za aina ya mkataba (CA ni makubaliano ya ushirikiano, C ni mkataba wa kununua huduma), na mwisho namba ya mfululizo. Herufi hizo si pambo. Kwenye C serikali ya Marekani ndiyo mnunuzi na inaelekeza kazi, wakati kwenye CA mtekelezaji ana uhuru zaidi wa kupanga. Ofisa wa halmashauri anayetaka ratiba ya kazi ibadilishwe afadhali ajue kwanza anazungumza na aina gani ya mkataba, maana kwenye C msimamizi wa mradi aliye mbele yake huenda hana ruhusa ya kubadili lolote.

Safu ya aina ya muamala ndiyo inayowapotosha wengi. Fedha zilizofungwa ni ahadi ya kisheria iliyoandikwa kwenye mkataba, na fedha zilizolipwa ni zile zilizotoka kweli. Mradi wa miaka mitano unaweza kufungiwa kiasi kikubwa mwaka wa pili na kulipwa kidogokidogo hadi mwaka wa sita. Anayechukua safu ya kwanza na kuandika kwamba wilaya "imepokea" kiasi hicho ameandika uongo bila kujua. Ukikuta namba yenye alama ya kutoa, fedha zilizofungwa zimefunguliwa na kurudishwa, mara nyingi mradi unapofungwa na salio kubaki.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa Marekani unaanza Oktoba na kuisha Septemba, wa Tanzania, Kenya na Uganda unaanza Julai na kuisha Juni. Mwaka 2019 wa Marekani unagusa miezi tisa ya mwaka 2018/19 wa Tanzania na miezi mitatu ya 2019/20. Takwimu za jumla ya mwaka haziwezi kugawanywa upya kwa uhakika, ila za robo mwaka zinaweza, kwa sababu robo ya Julai hadi Septemba inajitenga yenyewe. Ndiyo maana sharti la kuhuisha kila robo, ambalo wengi waliliona kama urasimu wa Washington, ni kipengele chenye faida kuliko vyote kwa mpanga bajeti wa Dodoma au Nairobi.

Mtekelezaji anayeonekana kwenye mstari kwa kawaida ni shirika kubwa lenye makao Marekani. Shirika la Mwanza au Kisumu linalofanya kazi yenyewe halionekani. Kulifuata unachukua namba ya mkataba na kuingia USAspending.gov, tovuti iliyozaliwa na sheria nyingine ya 2006, ambako mpokeaji mkuu anapaswa kuripoti ruzuku ndogo zinazofikia dola 30,000 na zaidi. Hapo utapata baadhi ya majina. Baadhi tu, kwa sababu mnyororo unaripotiwa hatua moja. Anayepokea kutoka kwa aliyepokea hatajwi, na huyo wa tatu mara nyingi ndiye mwenye pikipiki za kubeba sampuli na wahudumu wa kijamii wanaopita nyumba kwa nyumba.

Pale uratibu ulipokuwa na mwenyewe

Linganisha na sheria ya PEPFAR ya Mei 2003. Sheria hiyo ilimweka Mratibu wa Kimataifa wa UKIMWI ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, mwenye hadhi ya balozi, na kumpa usimamizi wa fedha zote za Marekani za kupambana na UKIMWI duniani, ziwe zinapitia USAID, CDC, Ulinzi au kwingine. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwamo kwenye kundi la kwanza la nchi za kipaumbele. Kila mwaka idara zote zililazimika kukaa meza moja ndani ya nchi na kuandika mpango mmoja: idara gani inachukua mkoa gani, wagonjwa wangapi, kwa fedha kiasi gani. Mratibu alikuwa na uwezo wa kukataa mpango na kuhamisha fedha. Takwimu zikashuka hadi kwenye kituo cha huduma, kila robo.

Hatusemi PEPFAR haikuwa na kasoro. Ilijenga mifumo yake sambamba na ya wizara za afya, na watumishi wengi walioajiriwa kwa miradi hawakuwa kwenye ikama ya serikali. Lakini inaonyesha kwamba Bunge la Marekani lilijua kutunga sheria ya uratibu lilipotaka. Mwaka 2016 halikutaka, au halikuweza. Mwongozo ukawekwa OMB, tovuti Wizara ya Mambo ya Nje, takwimu zikabaki kwa kila idara, na hakuna kati yao aliyeweza kumzuilia mwenzake fedha kwa kukosa kuripoti.

Sheria mbili zisizojuana

Huku kwetu nako zipo sheria. Tanzania ina Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali tangu 1974. Kenya, katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 47, imeweka masharti ya kupokea ruzuku kwa serikali ya kitaifa na taasisi zake. Tatizo ni kwamba sheria ya mpokeaji inamwajibisha mpokeaji atoe taarifa, na sheria ya mtoaji inamwajibisha mtoaji kwa Bunge lake na umma wake. Hakuna kifungu katika sheria ya 2016 kinachosema wizara ya fedha ya nchi husika ipelekewe nakala, kwa kalenda yake na kwa mgawanyo wa maeneo yake. Azimio la Paris la 2005, ambalo Marekani ilikuwa miongoni mwa waliolikubali, liliahidi misaada ionekane kwenye bajeti ya nchi. Ahadi ile haikuwahi kuingizwa kwenye sheria hii.

Matokeo yake fedha zilizo nje ya bajeti zinaendesha huduma ambazo bajeti haizijui. Daktari, muuguzi na dawa za msingi viko kwenye kasma ya halmashauri, lakini karani anayeingiza takwimu, mafuta ya pikipiki ya sampuli na vitendanishi vya maabara vinalipwa na mradi. Siku mradi unaposimama, halmashauri haiwezi hata kuomba fedha za dharura kwa haraka, kwa kuwa haina karatasi inayoonyesha kiasi gani kilikuwa kinatumika pale.

Januari 2025

Siku hiyo ilifika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na siku chache baadaye watekelezaji wakapokea barua za kusimamisha kazi. Mwanzoni mwa Februari tovuti ya USAID ilizimwa, na pamoja nayo hazina ya nyaraka za wakala, ambako tathmini za miongo zilikuwa zimehifadhiwa. Tarehe 10 Machi Rubio, aliyekuwa ameubeba mswada Seneti na sasa akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza kufutwa kwa takriban mikataba 5,200, asilimia 83 ya programu za USAID. Tarehe 1 Julai wakala uliacha rasmi kutekeleza misaada.

Sheria ya 2016 haikufutwa. Ilikuwapo siku zote hizo. Ila hakuna aliyeweza kuipeleka mbele ya jaji na kudai chochote cha maana: ilikuwa inatoa haki ya kuona fedha, haikutoa haki ya mradi uliopimwa na kufaulu kuendelea, wala haikudai kwamba mradi usifutwe kabla tathmini yake haijasomwa. Kesi zilizofunguliwa zilitegemea sheria nyingine. Machi 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikataa kuzuia amri ya mahakama ya chini ya kulipa takriban dola bilioni 2 za kazi iliyokwisha kufanyika. Agosti, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba wapokea ruzuku hawana haki ya kushtaki chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzuiaji Fedha ya 1974, inayombana rais asishikilie fedha zilizoidhinishwa na Bunge; mwenye nafasi hiyo ni mkuu wa GAO. Septemba 26, Mahakama ya Juu iliruhusu serikali kuendelea kushikilia dola bilioni 4 zilizokwisha kuidhinishwa na Bunge.

Vifungu vilivyokosekana

Kwa mwandishi wa sheria, iwe Washington au kwenye bunge lolote linalofikiria sheria ya namna hii, kisa hiki kinaonyesha mahali pa kuweka kalamu. Mratibu atajwe kwa cheo, na apewe uwezo wa kuzuia mgao wa robo inayofuata kwa idara isiyoripoti. Bila uwezo huo ataandika barua za kukumbusha. Kila muamala ubebe ngazi ya utawala ya nchi husika, angalau wilaya au kaunti, na pale usalama unapozuia, sababu ya kuzuia iwekewe msimbo wake ili ukimya usitumike kuficha uzembe. Ruzuku ndogo ziripotiwe hadi kwa anayetoa huduma. Wizara ya fedha ya nchi inayopokea ipewe nakala ya kila robo, pamoja na makadirio ya miezi 12 inayokuja, kabla ya Machi, wakati ukomo wa bajeti bado unaweza kubadilishwa.

Nyaraka za tathmini ziwekwe kisheria mahali pasipo chini ya wakala unaotathminiwa: maktaba ya taifa, GAO, na nakala moja katika nchi ya mradi. Na kifungu cha kusitisha kisomeke waziwazi: mradi wenye watu wanaotegemea dawa au chakula hausimami kwa barua ya siku moja, unatolewa notisi ya siku zilizotajwa, kwa maandishi, ikiwa na orodha ya vituo na huduma zitakazoguswa, na notisi hiyo ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku ileile inapopelekwa kwa mtekelezaji.